Kinachopotea kati ya rubani na mnara

Kila inapotokea ajali ya ndege ambayo uchunguzi wake unagusa mazungumzo ya redio, watu wengi hukimbilia jibu moja, nalo ni lugha. Husemwa kwamba rubani hakukijua Kiingereza vizuri, au kwamba lafudhi ya mwongoza ndege ilikuwa nzito, ndiyo maana yakatokea yaliyotokea. Nimeyasikia maelezo hayo katika vijiwe vya kahawa hapa Dodoma, na nimeyasikia hata kwa watu waliosomea mambo haya. Mimi niliyefanya kazi ya kuongoza ndege mnarani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu siyakubali moja kwa moja. Lugha ina sehemu yake, na nitaieleza, lakini ukizisoma ajali zenyewe kwa utulivu utaona kwamba mara nyingi maneno yalifika yakiwa safi, ila aliyeyapokea akasikia kile alichokuwa amekwisha kukitarajia.

Kabla ya ajali hizo ni vyema nikieleze chombo chenyewe. Ndege za abiria na mnara huzungumza kwa redio ya VHF, katika masafa yanayoanzia megahezi 118 hadi karibu 137, na wote walio katika masafa hayo kwa wakati huo humsikia kila anayesema. Hii si simu. Ili useme ni lazima ubonyeze kitufe, na ukiwa umekibonyeza husikii kitu. Mwingine akibonyeza chake katika sekunde ileile, kila mmoja atadhani ameongea peke yake, huku wale wanaosikiliza wakipata mlio mkali wa filimbi badala ya maneno. Watu huuliza kwa nini usafiri wa anga haujahamia kwenye mfumo wa FM wenye sauti nzuri kama ya stesheni za muziki. Sababu mojawapo ni mlio huohuo: katika FM sauti yenye nguvu huimeza ile dhaifu bila kuacha alama, ilhali katika mfumo wa AM, ambao ndio tunaoutumia, angalau unajua kwamba kuna mtu mwingine alikuwa anasema.

Kinga kuu dhidi ya udhaifu huo ni utaratibu wa kurudia. Mwongoza ndege akitoa kibali au kimo, rubani hukirudia chote pamoja na jina la ndege yake, na mwongoza ndege husikiliza marudio hayo ili aone kama yanalingana na alichokisema. Kwa miaka mingi waongoza ndege wa viwanja vyetu vya bara hawakuwa na rada; walikuwa na dirisha, darubini, kalamu, na kile kikaratasi chembamba tulichokiita stripu, ambacho juu yake tuliandika jina la ndege, kimo chake na saa ya kufika. Rubani alipokuwa anarudia, kalamu ilikuwa inapita juu ya namba zilizokwisha kuandikwa. Watu hawaujui udhaifu wa utaratibu huu mpaka waufanyie kazi. Namba unayoisikiliza iko mbele ya macho yako, kwa mwandiko wako mwenyewe, na jicho huliambia sikio la kusikia.

Ajali ya Tenerife, katika visiwa vya Canary vya Hispania, ndiyo iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege zilizokuwa zinakwenda huko zikaelekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos, ambako zilijazana mpaka njia ya pembeni ikazibwa. Ukungu ulishuka. Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, ilipelekwa mpaka mwisho wa njia ya kurukia, ikageuka, ikasubiri; Boeing 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, ilikuwa ikifuata katika njia hiyohiyo, ikitafuta mchepuko wa kutokea. Mnara haukuiona ndege yoyote kati ya hizo, wala ndege hizo hazikuonana.

Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mtu mwenye heshima kubwa katika kampuni yake, mkufunzi wa marubani wa 747. Alipoanza kuongeza nguvu za injini kwa mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba bado hawajapata kibali, naye akakubali akamwambia aombe. Mnara ukawapa kibali cha njia ya kufuata angani, yaani kona watakayoikata na kimo watakachopanda baada ya kuondoka, na ndani ya maelezo hayo likatajwa neno "takeoff". Hicho hakikuwa kibali cha kuruka. Rubani msaidizi alikirudia kibali hicho, na mwishoni akaongeza kwamba sasa wako "at takeoff", maneno ambayo mtu anaweza kuyaelewa kuwa tuko mahali pa kurukia au kuwa tunaruka. Mwongoza ndege akajibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kuwaambia wasubiri, atawaita. Katika sekunde hizohizo rubani wa Pan Am, aliyeingiwa na wasiwasi, alibonyeza kitufe akasema kwamba wao bado wako katika njia ya kurukia. Sauti hizo mbili, ambazo kila moja peke yake ingetosha kuisimamisha ndege ya KLM, ziligongana. Katika chumba cha marubani wa KLM kilichosikika waziwazi ni ile "OK", na kilichofuata kilikuwa mlio.

Kuna sehemu moja ya kumbukumbu hizo ambayo kila nikiifikia huisoma polepole. Baada ya mlio kwisha, mnara uliiambia Pan Am itoe taarifa itakapokuwa imeiacha njia, na Pan Am ikakubali. Maneno hayo yalifika ndani ya KLM bila mgongano wowote. Mhandisi wa ndege aliyasikia, akauliza kama ile Pan Am haijatoka. Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena, na ndege ilikuwa tayari inakimbia. Watu 583 walikufa siku ile. Waliopona ni 61, wote wa Pan Am. Tangu hapo neno "takeoff" limefungiwa: halitamkwi redioni ila wakati wa kutoa kibali chenyewe cha kuruka au kukifuta, na mahali pengine pote husemwa "departure". Sheria hiyo ni nzuri, nami nimeifuata maisha yangu yote ya kazi, ila iligusa neno tu. Mhandisi yule aliyafahamu maneno yote, na kilichomnyamazisha ni cheo cha aliyemjibu.

Wanaosema kwamba tatizo ni Kiingereza cha wageni ningewapa ajali ya Kuala Lumpur waisome. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani ya Flying Tiger, Boeing 747 yenye watu wanne ndani, ilikuwa inashuka kutua. Mwongoza ndege aliiagiza ishuke hadi futi 2,400, lakini badala ya kuitamka namba hiyo kwa maelfu na mamia alitamka tarakimu mojamoja: "descend two four zero zero". Rubani akasikia ile "two" ya mwanzo kuwa ni "to", yaani "hadi", na akarudia "four zero zero", futi 400. Marudio hayo yalifika mnarani na hayakupingwa. Ndege ilishuka, kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ikalia, na bado ikagonga kilima. Wote wanne walifariki. Hao walikuwa watu wa kampuni ambayo Kiingereza ndiyo lugha yake ya kila siku, na kwa bahati mbaya ni anayekizungumza Kiingereza kwa haraka na kwa mazoea anayeweza kuziba pengo la sentensi bila kujua kwamba ameliziba. Mtu anayekitafuta Kiingereza neno kwa neno huenda angeuliza mara ya pili.

Jambo la namna hiyo niliwahi kuliona kwa karibu nikiwa mwanafunzi wa kazi, katika uwanja mmoja wa bara ambao sitautaja. Ndege mbili ndogo zilikuwa zinakuja, moja kutoka kusini na nyingine kutoka magharibi, na herufi za mwisho za usajili wao zilikuwa zilezile tatu, mbili zikiwa zimebadilishana nafasi. Mimi nilikuwa nashika stripu, na mzee aliyekuwa ananifundisha ndiye aliyekuwa na maikrofoni. Aliiambia ndege ya kusini ishuke hadi futi 6,500. Jibu lilikuja upesi, futi 6,500 ikarudiwa sawasawa, jina la ndege likamezwa mwishoni kama wafanyavyo marubani wenye haraka. Nilikwisha kuweka alama kwenye stripu. Mzee akainua mkono wa kushoto kunizuia, akabonyeza kitufe, akaitaka kila ndege itaje usajili wake wote na kimo ilichopo. Aliyekuwa amejibu ni yule wa magharibi. Rubani wa kusini alikuwa mwanamume, na sauti iliyorudia ilikuwa ya mwanamke; mimi nilikuwa naitazama namba na sikulitambua hilo. Mzee alimaliza kuzipanga upya, akanywa maji, ndipo akaniambia, "Kijana, sikiliza nani anajibu kabla hujasikiliza anajibu nini."

Hapo sijagusa bado jambo ambalo naliona kubwa kwa sisi watu wa huku, ambao tumelelewa kuomba kwa upole na kutomkatiza mkubwa maneno. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca la Kolombia ilikuwa inakaribia New York katika hali mbaya ya hewa. Iliwekwa izunguke angani ikisubiri zamu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa zaidi ya saa nzima, huku mafuta yakipungua. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anaongea na redio, aliomba kipaumbele, na akasema kwamba mafuta yanawaishia, lakini hakutamka neno dharura wala "Mayday", wito wa kimataifa wa hatari. Waliposhindwa kutua mara ya kwanza, kapteni alimwambia awaambie kwamba wako katika dharura. Yeye akawaambia kwamba watajaribu tena na kwamba mafuta yanawaishia. Na kapteni alipomuuliza kama amewaambia, akajibu ndiyo, amekwisha kuwaambia. Mwongoza ndege aliyekuwa akiwazungusha kwa ajili ya jaribio la pili aliuliza kama mpango huo unawafaa kwa mafuta waliyo nayo. Jibu lilikuwa kwamba nadhani hivyo, asante sana. Dakika chache baadaye injini zilizimika na ndege ikaanguka katika kijiji cha Cove Neck, huko Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa.

Hiyo "asante sana" imenikaa moyoni. Mtu anakaribia kufa na anashukuru. Wapo wanaocheka wanaposoma hapo. Mimi siwezi, kwa kuwa naijua sauti hiyo. Ni sauti ya kijana wetu mbele ya mkubwa asiyemjua, anayeamini kwamba akieleza shida yake kwa adabu mkubwa ataona mwenyewe uzito wake. Mnarani New York jioni ile kila rubani alikuwa na haraka na kila mmoja alikuwa na mafuta pungufu kuliko alivyopenda, kwa hiyo ombi la adabu lilisikika kama maombi mengine yote. Baadaye, mwaka 2012, taratibu za kimataifa zilibainisha maneno mawili ya kutumiwa kuhusu mafuta: lile la kwanza humwambia mwongoza ndege kwamba ucheleweshaji wowote zaidi unaweza kuleta hatari, na la pili ni "Mayday" yenyewe, ikitamkwa mara tatu na kufuatiwa na neno "fuel". Sababu ya kuyaweka hivyo ni kwamba mwongoza ndege asiachiwe kazi ya kupima unyenyekevu wa msemaji.

Ajali iliyotokea Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024 ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwani inauvunja utetezi wa mwisho wa watu wa taratibu kama mimi. Ndege ya walinzi wa pwani wa Japani, iliyokuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la siku iliyotangulia, iliambiwa kwamba ni namba moja, na isogee mpaka mahali pa kusubiri panapoitwa C5. Namba moja maana yake ilikuwa ya kwanza katika foleni. Rubani alirudia vizuri: C5, namba moja, asante. Hakuna hata neno moja lililokosewa. Kisha ndege ikapita mahali pa kusubiri, ikaingia katika njia ya kurukia, ikasimama hapo kwa takriban sekunde 40, mpaka Airbus A350 ya Japan Airlines ilipotua juu yake. Kapteni wa ndege ndogo alinusurika na alieleza kwamba aliamini ameruhusiwa kuingia. Wenzake watano walikufa. Watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka wakiwa hai. Baada ya hapo Japani iliacha kwa muda kutaja namba za foleni redioni, na uamuzi huo unaeleweka: ukimwambia mtu mwenye haraka ya kupeleka misaada kwamba yeye ni wa kwanza, umempa habari njema kabla ya amri, na habari njema ndiyo atakayoishika.

Sasa niitendee lugha haki. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Charkhi Dadri nchini India, ndege ya mizigo ya Kazakhstan iligongana angani na Boeing 747 ya Saudia, na watu wote 349 waliokuwa katika ndege hizo wakafa. Ile ya Kazakhstan ilikuwa imeagizwa ibaki futi 15,000 na ikashuka chini yake, na uchunguzi ulitaja udhaifu wa Kiingereza cha wafanyakazi wake miongoni mwa sababu. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, liliweka mwaka 2003 masharti ya kupima Kiingereza cha marubani na waongoza ndege kwa viwango sita, na kuanzia Machi 2008 anayefanya kazi za kimataifa alitakiwa kufikia angalau kiwango cha nne. Nayaunga mkono masharti hayo. Yanasaidia hasa pale yanapotokea mambo ambayo hayamo katika misemo iliyokaririwa, kama vile moshi katika chumba cha abiria au mgonjwa aliyezimia, kwa sababu misemo ya kawaida hata asiyejua lugha anaweza kuikariri. Ila mtihani hupima kama unaweza kusema na kuelewa. Haupimi kama utasikia neno ambalo hukulitarajia, saa kumi na moja alfajiri, baada ya usiku mzima wa zamu.

Hapa kwetu mambo yanaongezeka. Tangu Serikali ihamie Dodoma, uwanja wetu mdogo ulio katikati ya mji umekuwa unapokea ndege ambazo zamani hazikufika, na siku za vikao vya Bunge asubuhi huwa na sauti nyingi katika masafa yaleyale yaliyokuwa yanatumiwa na ndege chache za ratiba na zile ndogo za MAF, shirika la ndege la kimisionari. Jiwe la msingi la uwanja wa Msalato, ulioko kando ya barabara ya kwenda Arusha wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, liliwekwa mwaka 2022. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania nayo imefunga rada nne mpya za kiraia, katika viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Nafurahia hayo yote, nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tunamuuliza rubani alipo na kulazimika kumwamini. Hata hivyo rada huonyesha ndege ilipo. Haionyeshi rubani anadhani ameambiwa nini, na ukiona katika rada kwamba hakukuelewa ujue muda umekwisha kupita. Katika safari za mbali siku hizi maelekezo hutumwa pia kwa maandishi, yakatokea kwenye kioo mbele ya rubani, na hilo huondoa kabisa migongano ya sauti. Lakini ndege inayoruka au kutua haina muda wa kusoma, kwa hiyo karibu na uwanja sauti itabaki kuwa sauti.

Jumamosi huja nyumbani kwangu vijana kadhaa wanaojiandaa kuomba nafasi katika Chuo cha Usafiri wa Anga kule Dar es Salaam. Huketi barazani, kila mmoja na karatasi zake, na mmoja wao huwa mnara huku mimi nikiwa marubani wote. Zamani nilikuwa naanza kwa kuwakaririsha misemo, na bado tunaikariri, ila sasa muda mwingi tunautumia kwa zoezi jingine. Kijana anatoa kimo, ananiandikia kwenye stripu ya kienyeji iliyokatwa kutoka kwenye daftari, nami namrudia. Jibu langu la kwanza huwa na kosa makusudi, na hakuna asiyelikamata, hata wenzake husema, "Mzee, hapo umeteleza." Kisha namrudia vizuri, tena vizuri, tena vizuri, kwa mwendo uleule na kwa sauti ileile, mpaka naona kalamu imeanza kuweka alama kabla sijafika mwisho wa sentensi. Hapo ndipo nasema 11,000 mahali pa 10,000, na wengi wao huniambia, "Sahihi, endelea."